Chembe za nano na mionzi ya saratani: Zisikufanye uahirishe tiba

Katika safu yetu ya leo tutajifunza kuhusu chembe za nano zinazotumika kuongeza nguvu ya mionzi katika kutibu saratani. Huenda nyumbani kwako yupo mzazi au ndugu ambaye daktari amempangia mionzi, na kijana mmoja amekuja na habari kwamba siku hizi ipo "dawa ya dhahabu". Familia inaanza kujiuliza: tuanze mionzi sasa, au tusubiri dawa hiyo? Kabla hamjaamua, elewa kwanza chembe hizi zinafanya nini.

Mionzi hutibu vipi?

Mionzi hupenya mwilini na kuharibu vinasaba vya seli za saratani, zikashindwa kuzaliana na hatimaye kufa. Tatizo ni kwamba mionzi hiyo hupita pia kwenye sehemu nzima zilizo jirani na uvimbe. Ndiyo maana mgonjwa huweza kuungua ngozi au kutoka vidonda mdomoni, na daktari hawezi kuongeza dozi kupita kiasi. Dozi hugawanywa kwa siku nyingi ili seli nzima zipate nafasi ya kujirekebisha.

Kazi ya chembe za nano

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni moja ya milimita. Chembe tunazozizungumzia hutengenezwa kwa metali nzito, kama vile dhahabu au hafniamu. Metali nzito hunasa mionzi zaidi kuliko nyama ya mwili. Zikipigwa na mionzi, chembe hizo hutoa elektroni zinazosafiri masafa mafupi sana na kuharibu seli zilizo karibu. Hivyo basi, zikiwa ndani ya uvimbe, mionzi ile ile huuma zaidi pale pale panapotakiwa.

Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani, akiwemo James Hainfeld, walitangaza matokeo ya kutumia chembe za dhahabu kwa panya wenye uvimbe. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 86 ya panya waliopewa dhahabu pamoja na mionzi walikuwa hai. Kwa waliopewa mionzi peke yake, walikuwa asilimia 20. Waliopewa dhahabu bila mionzi hakusalia hata mmoja.

Kwa binadamu

Chembe za hafniamu zinazoitwa NBTXR3, zilizobuniwa Ufaransa, zilijaribiwa kwa wagonjwa 180 wenye saratani ya nyama laini za mwili, kama misuli na mafuta. Chembe zilidungwa mara moja ndani ya uvimbe, ikafuata mionzi ya wiki tano, kisha upasuaji. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Waliokutwa uvimbe umekufa wote au karibu wote walikuwa asilimia 16, na kwa waliopata mionzi pekee ni asilimia 8. Mwaka huo huo zilipata kibali cha Ulaya kwa saratani hiyo.

Idadi imeongezeka mara mbili, lakini wengi hawakufikia hatua hiyo. Pia wapo waliopata maumivu palipodungwa sindano na wengine presha kushuka kwa muda.

Ushauri wetu

Ndugu msomaji, zingatia mambo haya:

1. Chembe hizi ni msaidizi wa mionzi. Bila mionzi haziui saratani.

2. Usisubiri. Uvimbe unaotibika leo unaweza kusambaa wakati familia ikingoja.

3. Jihadhari na anayekuuzia maji au vidonge vya dhahabu. Chembe zilizoelezwa hapa hudungwa na wataalamu, na mionzi hufuata.

4. Mgonjwa akishaanza mionzi, ahudhurie siku zote alizopangiwa. Akiungua au akishindwa kula, mwambieni daktari mapema, wala msimkatishe tiba kimya kimya.

Mkiwa na shaka, muulizeni daktari wa saratani anayemhudumia.