Mama amepooza, nani alipe?

Gharama za kumuuguza mzazi aliyepooza huanza siku anaporuhusiwa kutoka hospitali, na huweza kuendelea kwa miaka. Msomaji wa Magomeni, Bagamoyo, ameacha biashara ya kukaanga samaki ili amuuguze mama yake, mwenye miaka 76, aliyepata kiharusi. Kaka zake wawili, mmoja Dar es Salaam na mwingine Muscat, wanadai yeye hachangii kitu, na wanataka shamba la minazi la mama liuzwe. Anauliza kama madai yao ni ya haki.

Jibu huanzia kwenye daftari la matumizi. Ya kila siku ni pampasi za watu wazima, sabuni, mkaa na uji wa lishe. Ya kila mwezi ni dawa za presha na bajaji ya kwenda kliniki. Kazi nayo huandikwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongo. Angeajiriwa mtu, angedai mshahara. Mwenye kuifanya bure, tena biashara yake imefungwa, amekwisha kuchangia, pengine kuliko wote.

Msaada wa serikali upo, lakini una mipaka. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na asiye na uwezo hutakiwa kutibiwa bure katika vituo vya serikali. Utambuzi hupitia serikali ya mtaa na ofisi ya ustawi wa jamii. Msamaha huo haugusi pampasi wala nauli. Pensheni Jamii, iliyoanza Zanzibar mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, haiwafikii wazee wa Bara. Makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, yamekusudiwa wasio na ndugu wa kuwatunza.

Kinachobaki hugawanywa katika kikao cha familia, mjomba au shangazi akiwa shahidi. Kila aliye mbali hutaja kiasi na tarehe ya kutuma, risiti huhifadhiwa, na fungu moja hutengwa la kumlipa msaidizi ili muuguzaji apate siku za kupumzika.

Shamba ni mali ya mama, na mali hairithiwi mwenyewe angali hai. Mwili kupooza hakumaanishi akili imepotea. Asiyeweza kusema huweza kuitika kwa kichwa, na kauli yake ndiyo ya mwisho. Akili ikiwa imeathirika, hakuna mtoto anayeweza kusaini kwa niaba yake bila idhini ya mahakama. Kabla ya kuuza, mavuno ya nazi au kodi ya shamba huweza kulipia sehemu ya matunzo. Likiuzwa kwa ridhaa yake, fedha zote ni za kumtunza yeye, wala si za kugawana.