SOMO LA BIASHARA MTANDAONI: Viongezo vya Tangazo Vinavyookoa Pesa Yako

Mtu akiandika "hoteli Meru" kwenye Google, huenda anatafuta malazi karibu na soko la Gakoromone. Huenda pia anatafuta malazi Arusha, Tanzania, ulipo Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,562. Mwingine anataka kulala karibu na Mbuga ya Kitaifa ya Meru, ambayo lango lake la Murera liko mbali na mji, kupita Maua. Wote watatu wakibofya tangazo lako la kulipia, utatozwa mibofyo mitatu. Mgeni utampata mmoja, ukibahatika.

Wafanyabiashara wengi wadogo wa Meru na Embu hupoteza pesa kwa njia hii. Katika matangazo ya utafutaji ya Google, kwa kawaida hulipi tangazo likionekana. Unalipa likibofywa, awe aliyebofya ni mteja au la. Tuseme, kwa mfano tu, kila mbofyo unakugharimu shilingi 20 na bajeti yako ya siku ni shilingi 400. Hiyo ni mibofyo 20. Ikiwa 12 kati yake ni ya watu waliopotea njia, shilingi 240 zimekwenda na maji kabla ya adhuhuri.

Dawa iliyo karibu ni viongezo vya tangazo. Hivi ni vipande vya habari vinavyokaa chini ya tangazo lako au kando yake: nambari ya simu, mahali ulipo, viungo vya kurasa nyingine, na maneno mafupi ya sifa. Kwenye akaunti ya Google Ads utavipata sehemu iitwayo Assets. Kabla ya mwaka 2022 viliitwa Extensions. Kuviweka ni bure. Mtu akibofya kiungo au kitufe cha simu, unatozwa kama vile amebofya tangazo lenyewe.

Kwa nini vina nguvu

Google haipangi matangazo kwa kuangalia nani ametaja pesa nyingi pekee. Huangalia pia ubora wa tangazo na wa ukurasa unaofunguka, na jinsi viongezo vinavyotarajiwa kumsaidia mtafutaji. Wawili wakilingana kwa pesa na ubora, kwa kawaida mwenye viongezo vinavyotarajiwa kufaa zaidi huwekwa juu. Hata hivyo, kuviweka si hakikisho kwamba vitaonekana kila mara. Google huchagua wakati wa kuvionyesha.

Viongezo vinne vya kuanza navyo

*Mahali.* Kiongezo hiki huonyesha anwani yako, na kwenye simu kinaweza kumwelekeza mteja hadi mlangoni. Ili kukipata, fungua kwanza Wasifu wa Biashara wa Google, ambao ni bure, uuthibitishe, kisha uunganishe na akaunti ya matangazo. Mwenye nyumba ya wageni mjini Meru akionyesha anwani yake, anayetafuta Arusha atapita bila kubofya. Huyo kupita ni faida yako.

*Simu.* Mteja anabonyeza na kupiga papo hapo. Ila kiwekee ratiba. Ikiwa simu ya biashara hupokelewa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kiongezo kionekane saa hizo tu. Mbofyo wa kupiga simu saa nne usiku, simu ikilia bila mtu wa kuipokea, bado ni wa kulipia. Hakikisha pia kwamba akaunti inafuata saa za Nairobi, la sivyo ratiba yote itakwenda kombo.

*Viungo vya kurasa.* Hivi humpeleka mteja moja kwa moja anakotaka: "Vyumba na bei", "Ukumbi wa mikutano", "Safari ya mbugani", "Njia ya kufika". Kila kimoja kina nafasi ya herufi 25, na ni lazima kifungue ukurasa tofauti. Usiweke vinne vinavyorudi kwenye ukurasa ule ule.

*Maneno ya sifa.* Haya hayabofywi, kwa hivyo hayana malipo. Nayo yana nafasi ya herufi 25, nafasi kati ya maneno ikihesabiwa. "Huduma bora kwa wote" ni maneno matupu; kila mtu huyasema. "Maegesho bila malipo" humsaidia mwenye gari kuamua. "Vyumba kuanzia sh 2,500" humwambia mwenye shilingi 1,000 asibofye, na mwenye shilingi 3,000 kwamba amefika.

Mfano wa Embu

Tuchukue mwenye kitalu cha miche ya makadamia na avokado karibu na Runyenjes. Wateja wake humiminika mvua za vuli zinapokaribia, Oktoba hadi Desemba. Anaweza kuandika "Miche iliyopandikizwa" ili anayetaka mbegu asibofye. Anaweza kuongeza kiongezo cha ofa chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kikaondoka chenyewe msimu ukipita. Bila tarehe hiyo, mkulima atakuja Januari kudai bei ya Oktoba, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Sheria haikai kando

Kiongezo ni ahadi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, huduma au bei. Ukisema maegesho ni bure, yasilipiwe getini. Na ukitumia kiongezo cha fomu, ambacho huchukua jina na nambari ya simu ya mteja, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: mwambie kwa nini unachukua habari zake, na usimpe mtu mwingine bila ridhaa yake.

Ukimwajiri kijana akusaidie, akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako wewe mwenye biashara. Mpe ruhusa ya kuingia kupitia barua pepe yake, usimpe nywila yako. Mkiachana, utaondoa ruhusa hiyo na akaunti itabaki kuwa yako.

Zoezi la wiki hii

1. Tafuta biashara yako kwenye Google kama mteja angefanya, na uandike ni watu gani wengine wangeweza kutumia maneno hayo hayo.
2. Fungua Wasifu wa Biashara, hata kama huna tovuti wala mpango wa kutangaza. Hatua hii haina gharama.
3. Kama tayari unatangaza, weka viongezo vinne tulivyotaja. Kila kimoja kiwe na jambo ambalo mteja anaweza kulithibitisha akifika.
4. Weka daftari karibu na simu. Kila anayepiga, muulize amekupataje, na uandike kama alinunua.

Baada ya mwezi mmoja, linganisha daftari na ripoti ya akaunti. Kiongezo kinachobofywa sana bila kuleta mteja, kibadilishe maneno au ukiondoe. Tangazo linalobofywa na watu wachache wanaonunua lina faida kuliko linalobofywa na umati unaopita tu.