SOMO: KAHAWA BARIDI NYUMBANI WAKATI WA KASKAZI

Kaskazi ianzapo kuvuma Tanga, kwa kawaida mwezi wa Desemba, na mpaka masika yakaribiapo mwezi wa Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 za Sentigredi siku baada ya siku. Katika nyumba za Makorora zilizoezekwa kwa bati, joto hilo hukaa ndani hata usiku. Miezi hiyo kahawa chungu ya dele, ile inywewayo barazani kwa kashata, huachiwa wazee na waamkao alfajiri. Wengine wote hukimbilia soda na maji ya rangi yenye sukari. Ndivyo zao la mkulima linavyokosa wanywaji katika nchi yake lenyewe, ilhali kahawa yaweza kunywewa baridi na ikaburudisha kupita vinywaji hivyo.

Desturi hiyo si ngeni duniani. Huko Algeria kahawa baridi ijulikanayo kwa jina la Mazagran imechukua jina la ngome iliyopiganiwa mwaka 1840. Wagiriki nao, tangu maonyesho ya biashara ya Thessaloniki ya mwaka 1957, hutikisa kahawa inayoyeyuka pamoja na maji baridi mpaka ikafanya povu. Kwetu Afrika ya Mashariki, ambako mti wenyewe unalimwa, mazoea haya bado ni machanga. Sehemu kubwa mno ya kahawa ya Tanzania huuzwa nchi za nje, na bei yake hufuata masoko ya New York kwa arabika na ya London kwa robusta. Kwa hiyo mwanachama ajuaye kuitumia kahawa nyumbani, au kuiuza katika bilauri kwa jirani, ana soko dogo lisilotegemea habari za mbali.

Kosa lionekanalo mara nyingi ni kumimina kahawa ya moto juu ya barafu na kisha kulalamika kwamba kahawa ni maji matupu. Hesabu yake ni rahisi, na yafaa kila katibu aielewe ili aweze kuieleza mkutanoni. Lita moja ya kahawa iliyotoka jikoni ikiwa na nyuzi 90, ili ishuke hadi nyuzi 5, huyeyusha karibu kilo moja nzima ya barafu. Mwishowe mpishi hubaki na lita mbili za kinywaji kilichopungua nguvu kwa nusu. Lakini lita hiyo hiyo ikiachwa kwanza ipoe mpaka nyuzi 30, ambazo ndizo za hewa ya Tanga, theluthi ya kilo ya barafu yatosha. Basi mwenye haraka apike kahawa yenye nguvu maradufu, na mwenye subira aipoze kwanza. Wapo pia wanaogandisha kahawa yenyewe katika visahani vya barafu, ili kinachoyeyuka kiwe kahawa na si maji. Hiyo ni njia nzuri kwa mwenye jokofu.

Njia iliyo bora zaidi haitumii moto kabisa wakati wa kuloweka. Hupimwa gramu 100 za kahawa iliyokaangwa, ikasagwa au kutwangwa kinuni iwe ya chenga ndogo, mfano wa mchanga wa ufukweni, wala si laini kama ile ya dele. Unga ukiwa laini mno hupita kwenye kitambaa, na kinywaji huwa na tope. Kahawa hiyo hutiwa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, ikakorogwa mara moja, ikafunikwa. Jokofuni huachwa saa 12 hadi 16. Nje ya jokofu, kwa joto la kaskazi, saa tisa au kumi zatosha, nayo isipitishwe hapo kwa sababu huanza kuchacha. Huchujwa kwa kitambaa cheupe cha pamba, kama kile cha kuchujia tui, kilichochemshwa kwanza. Kitambaa kisikamuliwe kwa nguvu, maana ukakasi wote hukaa katika mashapo. Mashapo hunywa maji yapatayo gramu 200, kwa hiyo hupatikana kama robo tatu ya lita au zaidi kidogo. Huo ni mkolezo. Hauna budi kuongezwa maji, maziwa au barafu kiasi kama chake wakati wa kunywa. Jokofuni hudumu siku mbili au tatu.

Sukari ni jambo jingine linalosumbua. Haiyeyuki upesi katika kinywaji baridi, bali hukaa chini ya bilauri, na mnywaji huongeza vijiko bure. Dawa yake ni shira: kikombe cha sukari na kikombe cha maji vichemshwe pamoja mpaka sukari ipotee, kisha ipozwe na kuhifadhiwa chupani. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa iliki na tangawizi. Yatosha kusema kwamba huchemshwa ndani ya shira hiyo, kwa kuwa maji baridi hayatoi harufu yake vizuri. Iliki ya milima ya Usambara haiko mbali na Makorora.

Kuhusu kahawa yenyewe, ubaridi hauifichi kahawa iliyoungua. Kahawa ya dele huvumilia kukaangwa hadi iwe nyeusi, kwa sababu hunywewa kidogo kidogo na kashata huikabili; bilauri nzima ya kahawa kama hiyo ikiwa baridi haina ladha ila uchungu na moshi. Ikaangwe iwe ya rangi ya hudhurungi iliyokolea, isiyotoa mafuta juu. Arabika ya Kilimanjaro, Mbinga au Usambara hufaa peke yake. Robusta ya Kagera ina nguvu zaidi, kafeini yake ikikaribia maradufu. Ipunguzwe kipimo, nayo huvumilia maziwa vizuri. Asiye na kinu wala muda achukue kahawa inayoyeyuka, kama ile itengenezwayo na kiwanda cha TANICA cha Bukoba: vijiko vidogo viwili, shira na maji baridi kidogo, vitikiswe katika chupa iliyofungwa mpaka povu lisimame, kisha maji na barafu vifuate.

Jambo lisilo na mzaha ni maji. Wengi huamini kwamba barafu huua vijidudu. Sivyo. Ubaridi huvilaza tu, na vikifika tumboni huamka. Barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyochemshwa yaweza kupeleka kipindupindu na homa ya matumbo katika nyumba kumi kwa siku moja, hasa kwenye harusi na maulidi. Maji yote ya kahawa hii, pamoja na ya barafu na ya kusuuzia bilauri, yachemshwe. Barafu ya kununua yenye asili isiyojulikana itumike kuzungushia chupa kwa nje, isitiwe ndani. Maziwa nayo yawe yaliyochemshwa au yaliyosindikwa. Mkoa wa Tanga una bahati ya kuwa na ushirika wa wafugaji, TDCU, tangu mwaka 1993, na maziwa ya kusindika hupatikana madukani. Hutiwa wakati wa kunywa tu, kwa maana kahawa iliyokwisha kuchanganywa na maziwa hailali.

Nyumba isiyo na jokofu yaweza kutumia mtungi wa udongo, chupa zikazamishwa katika maji yake na kitambaa kibichi kikazungushwa nje, mahali papitapo upepo. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, hivyo mtungi utapunguza nyuzi chache tu. Kinywaji kitakuwa cha kupoa, si cha barafu.

Yabaki hesabu ya katibu. Kahawa safi iliyokobolewa hupungua uzito ikikaangwa, na kilo moja hutoa gramu 800 au zaidi kidogo. Gramu 800 zikilowekwa katika lita 8 za maji hutoa lita 6 na ushei za mkolezo, ambazo zikiongezwa maji na barafu hufika lita 12; lakini kwa kinywaji kizito cha kuridhisha zihesabiwe lita 10 tu, yaani bilauri 40 za robo lita. Chama cha msingi chaweza kuweka bei ya kilo moja aliyolipwa mkulima upande mmoja wa daftari, na bei ya bilauri 40 upande wa pili, wanachama wakajionea wenyewe. Anayekusudia kukaanga na kuuza kwa jumla aulize kwanza masharti ya Bodi ya Kahawa, Moshi. Na kwa kuwa hesabu hii haikutaja sukari, maziwa, mkaa wala umeme, katibu aviongeze kwa bei za mahali pake kabla ya kuisoma mbele ya mkutano.