Mshipa Mkuu wa Damu Ukichanika

Mtu akishikwa na maumivu makali ya kifua, nyumbani husemwa ni moyo, au kichomi, au vidonda vya tumbo. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini upo ugonjwa mwingine, si wa kila siku, unaofanana na hayo na kuua upesi: kuchanika kwa mshipa mkuu wa damu, ambao madaktari huuita aota.

Aota hutoka moyoni, hupinda kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka mpaka tumboni. Ukuta wake una matabaka matatu. Tabaka la ndani likichanika, damu hupenya katika ufa na kuyabandua matabaka, kama maji yaingiavyo nyuma ya plasta ya nyumba. Damu ya kwenda ubongoni, kwenye figo au miguuni huweza kuzuiwa. Au ukuta wote hupasuka. Ufa ulio karibu na moyo ndio wa kutisha zaidi, na bila upasuaji wengi hufa katika siku chache za mwanzo.

Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Hapa ndipo penye masikitiko, maana wengi humeza vidonge majuma mawili, hujisikia vizuri, wakaacha. Wachache huzaliwa na mishipa dhaifu, kwa hiyo kama ndugu yako alipatwa na ugonjwa huu, mwambie daktari wako.

Maumivu haya huanza ghafla kwa nguvu zake zote, kifuani au mgongoni katikati ya mabega, kama kitu kinachochanwa, na pengine huhama. Mwingine huzimia, au mguu mmoja hufa ganzi. Msimchue, wala msimpe aspirini kwa kubahatisha, kwani hapa huweza kuzidisha kuvuja damu. Mpelekeni hospitali mara moja, mkaeleze maumivu yalianza saa ngapi na namna gani. Daktari atapima shinikizo mikono yote miwili. Kipimo cha CT huonyesha ufa wenyewe.

Hata bingwa hupatwa. Daktari Michael DeBakey wa Houston, Marekani, alikuwa kati ya wa kwanza kuitengeneza aota iliyochanika, miaka ya 1950. Tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na miaka 97, alishikwa na ugonjwa huo huo. Kwanza alikataa kwenda hospitali! Alipasuliwa Februari 2006, akaishi mpaka Julai 2008.