Paka Akiacha Kula: Yampasayo Mwenye Nyumba

Katika mambo ambayo watu wa mwambao huyahisabu madogo, na kumbe ndani yake mna amana, ni paka wa nyumbani kuacha chakula chake. Jana paka huyo alikuwa akizunguka miguuni mwa watu wakati wa kupara samaki, hata akakaripiwa. Leo amejikunja chini ya kitanda, na akisogezewa kichwa cha changu hukinusa kidogo kisha akageuza uso. Watoto huuliza, mama wa nyumba huhangaika, na mwenye nyumba hukata maneno kwa kusema: "Mwacheni, akishikwa na njaa atakula." Neno hili lina sura ya busara, lakini limeuwa paka wengi. Paka mgonjwa hangojewi njaa. Kila akizidi kukaa bila ya chakula ndipo hamu inapozidi kumwondoka.

Kwanza ijulikane ya kuwa paka si mgeni katika nyumba ya Mwislamu. Imepokewa kwamba Abu Qatada (r.a.), naye ni katika masahaba, aliingia kwa mkaza mwanawe, Kabsha binti Kaab, akawekewa maji ya kutawadha. Akaja paka akataka kunywa, na Abu Qatada akamwinamishia chombo hata akanywa. Kabsha akamtazama kwa mastaajabu, naye akamweleza ya kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, kwani ni katika wale wawazungukao watu majumbani mwao. Basi mwenye paka hana haja ya kuona haya kumshika na kumpangusa anapougua. Ama matapishi yake na mkojo wake ni najisi kama vya wanyama wengine, na nguo iliyopatwa navyo itatahirishwa kabla ya kusali.

Na khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka ni mashuhuri: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia akatoka kujitafutia vya ardhini. Wengi huisikia darasani wakashukuru kuwa wao hawajafunga paka yeyote. Lakini yafaa kufikiri. Paka aliyeshikwa na maradhi amekwisha fungwa. Maradhi ndiyo kamba yake. Hawezi kuwinda panya, hawezi kufika jalalani, wala hawezi kueleza pamuumapo. Haikusudiwi hapa kumlinganisha aliyeghafilika na yule aliyekusudia; hata hivyo wanavyuoni wa Kishafi wamesema waziwazi ya kuwa kumlisha na kumnywesha mnyama ni wajibu juu ya mwenye kummiliki, na akikataa, kadhi humlazimisha.

Sasa yatazamwe yasemwayo na matabibu wa wanyama. Mtu mzima akikosa chakula siku 2 hudhoofika, kisha akila hurudi katika hali yake. Mwili wa paka haukuumbwa hivyo. Yeye ni mla nyama khalisa, na ini lake limezoea kupata nyama kila siku. Chakula kikikatika, mwili huyayusha mafuta yaliyowekwa chini ya ngozi ukayapeleka kwenye ini yawe badala ya chakula. Ini la paka haliwezi kuyachukua mafuta mengi kwa mara moja. Hujaa, likavimba, likashindwa kazi yake. Haya huweza kuanza baada ya siku 2 au 3 tu za kutokula, na khasa kwa paka mnene, yule ambaye watu humsifu na kudhani kuwa ana akiba. Akiba hiyo ndiyo imuuwayo. Hali ikifika hapo, weupe wa macho na ngozi ya ndani ya masikio hugeuka manjano, na kumponya kwataka majuma kadhaa ya kulishwa kwa mpira. Kwa hivyo kipimo ni hiki: paka mkubwa aliyeacha kula kabisa kwa saa 24 amekwisha kuwa mgonjwa wa kutafutiwa tabibu, hata kama hana alama nyingine, na mtoto wa paka hangojewi hata nusu ya muda huo. Watu husema mtu mgumu wa kufa ana roho ya paka. Aliyepata kuuguza paka hasemi hivyo.

Lakini yako maradhi ambayo hata saa 24 ni nyingi. Mfano wake ni paka dume aendaye mchangani mara kwa mara, akachutama, akajikamua, akalia kwa uchungu, akajiramba chini, wala hapatoki kitu illa tone, pengine tone la damu. Watu wa nyumbani hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta. Naye hakufunga choo. Njia ya mkojo imezibwa na changarawe ndogo na ute, kwani njia hiyo kwa dume ni nyembamba mno. Mkojo usipotoka, uchafu uliokuwa utoke nao hurudi katika damu, na chumvi iitwayo potasiamu huzidi hata moyo ukasimama. Hufa kwa siku 2 au 3, na dawa ya nyumbani haipo. Paka huyu haambiwi kesho asubuhi. Huchukuliwa saa ile ile, hata ikiwa ni usiku.

Paka wa miji ya pwani, kama wale wa Lamu ambao hushinda ufukoni na sokoni wakingojea vichwa vya samaki, wana msiba wao mwingine, nao ni mshipi. Paka humeza kipande cha mshipi chenye harufu ya chambo, upande mmoja ukanasa chini ya ulimi na upande mwingine ukashuka matumboni. Mwenye kuuona asiuvute, kwani uzi uliokazana ndani ya matumbo hukata kama kisu. Kazi hiyo ni ya tabibu. Wengine hunaswa na mwiba kaakaani, na alama yake ni mate kumdondoka na kujipiga mdomo kwa mkono. Hata hivyo, kabla ya kutia kidole kinywani mwa paka, mtu ajiulize kama paka huyo amechanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka atokwaye na mate, asiyeweza kumeza, na aliyegeuka tabia kwa ghafla, asiguswe mdomo. Akimuuma mtu au kumparura, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, na mtu aende hospitali siku ile ile. Katika jambo hili hapana mzaha.

Na paka mwenye mafua huacha kula kwa sababu nyepesi zaidi: pua imeziba. Paka hula kwa pua yake kabla ya ulimi. Asichokinusa hakioni kuwa chakula. Huyu hupanguswa pua kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, na huweza kuwekwa katika chumba chenye mvuke wa maji ya moto. Bali aliye mtoto, hajachanjwa, anatapika, ana homa, na anainama juu ya bakuli la maji asinywe, khofu yake ni kubwa. Hiyo yaelekea kuwa ile homa ya matumbo ambayo matabibu huiita panlukopenia, nayo huuwa watoto wa paka upesi, wala hapana wa kuwaokoa illa kwa kutiwa maji mwilini na kuangaliwa na mwenye ilimu.

Yaliyo maovu kuliko kungoja ni kumpa paka dawa ya watu. Mwenye nyumba humgusa masikio, akayaona ya moto, akakumbuka vidonge vyeupe vya homa alivyonavyo kabatini, akavunja nusu akamtia kooni kwa shufaka. Vidonge hivyo ni parasetamoli, navyo kwa paka ni sumu. Ini la mwanadamu huifunga dawa hii na kuitoa. Ini la paka halina uwezo huo illa kidogo sana. Dawa hubaki ndani ikageuka, ikaiharibu damu hata isiweze kuchukua hewa. Ufizi huwa rangi ya udongo au buluu, uso na nyayo huvimba, pumzi hupanda. Kidonge 1 cha miligramu 500 chatosha kumuuwa paka mkubwa. Tabibu anayo dawa ya kuipinga sumu hiyo, lakini yataka kuwahiwa. Basi aliyekwisha kumpa asione haya akaficha, bali aseme amempa nini, kiasi gani na saa ngapi. Asipirini nayo hukaa mwilini mwa paka siku kadhaa, na dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, zenye permethrini, humtia degedege.

Wako wengine wasemao paka amepigwa jicho, wakamfunga hirizi na kumnywesha kombe. Kumwombea kheri kiumbe wa Mwenyezi Mungu hakuna ubaya, lakini kombe halizibui njia ya mkojo. Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa illa ameuteremshia dawa, na dawa hutafutwa kwa wajuao.

Wakati wa kungoja tabibu, au baada ya kumwona, iko kazi ya nyumbani, na hapa ndipo mapenzi yanapopata njia. Paka awekwe mahali pa kimya, penye kivuli, mbali na watoto na mbwa. Maji safi yawe karibu. Chakula kiwe kidogo, laini, na chenye uvuguvugu wa mwili wake, nao ni kiasi cha digrii 38, kwani joto huamsha harufu: kuku au samaki aliyechemshwa, asiye na mifupa, chumvi wala viungo. Kitunguu maji na kitunguu thaumu visiwemo kabisa, hata katika mchuzi, kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Na wale wampao asali au halua ili apate nguvu hujisumbua bure. Paka hahisi utamu hata kidogo, na mwaka 2005 wataalamu walibainisha sababu yake katika maumbile yake ya urithi. Chakula kisicholiwa kiondolewe baada ya nusu saa, kisiachwe kikamkinaisha kwa harufu.

Tabibu akiruhusu alishwe kwa bomba la sindano (bomba tupu, bila ya sindano yenyewe), paka aketi kwa tumbo lake, bomba liingie pembeni mwa mdomo, nyuma ya chonge, kidogo kidogo, na kila mara aachwe ameze. Asilazwe chali akamiminiwa. Wahenga walisema paka hakubali kulala chali, na katika jambo hili ana haki yake, kwani chakula kitashuka mapafuni. Akipigana sana aachwe. Paka aliyekabwa ili ale huweza kukichukia chakula hicho hata baada ya kupona. Kwa huyo ndipo tabibu humpitishia mpira puani au shingoni, nao, ijapokuwa watishia macho, humtesa kidogo kuliko kukabwa mara sita kwa siku.

Lau atasema mtu: vipi kutoa fedha kwa ajili ya paka na hali watoto wanataka viatu? Atajibiwa kwamba hapana aliyelazimishwa kuwanyima wanawe. Lakini gharama aghlabu huzaliwa na kuchelewa. Paka aliyepelekwa siku ya kwanza huenda akarudi na sindano 1 na maji yaliyotiwa chini ya ngozi. Wa siku ya tano hutaka kulazwa. Na aliye katika kisiwa kisicho na tabibu asikae kitako akasema hana la kufanya; kwa simu huweza kumweleza daktari wa mifugo wa mji wa karibu tangu lini paka hali, kama anakojoa, rangi ya ufizi wake, na pumzi zake ni ngapi kwa dakika. Kwa maneno hayo manne daktari hujua kama ni jambo la kungoja chombo cha kesho au la kukodi cha leo. Mwenye kumpa maji kiumbe chenye kiu ameahidiwa ujira, hata kiumbe hicho kikiwa mbwa. Wala wa paka hautapotea.

Na huenda yote yakafanywa, na paka asipone. Tumaini likikatika na maumivu yakazidi, wengi huuliza kama yafaa kumwondolea taabu kwa sindano. Katika vitabu vya Kishafi imeandikwa ya kuwa mnyama asiyeliwa hafai kuchinjwa hata kwa kumpumzisha; na wako wanavyuoni wa zama hizi walioruhusu kwa njia isiyo na maumivu, ikiwa wajuao wamethibitisha kuwa hatapona. Mwenye kutatizwa amuulize shekhe wake, naye aende kwake na maneno ya tabibu, si kwa dhana yake. Kwa vyovyote zipo dawa za maumivu zimfaazo paka, nazo hazina khilafu.

Wala asichekwe mwenye kumhuzunikia. Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, alikuwa mtoto mdogo mwenye kijidege akichezea, kikafa, na Mtume (s.a.w.) alipomwona ana huzuni alimwita kwa kuniya yake, kama aitwavyo mtu mkubwa, akamuuliza khabari ya kijidege chake. Wako baba ambao mtoto akimlilia paka humkemea, wakamtupa paka jalalani mbele ya macho yake. Shimo la kina cha mkono mmoja nyuma ya nyumba halichukui robo saa, na mtoto apewe jembe ashike.

Ikiwa aliyekufa alikuwa na ile homa ya matumbo, asiletwe mtoto mwingine wa paka upesi. Uchafu wake huweza kuishi ndani ya nyumba hata mwaka 1, wala sabuni peke yake haiumalizi. Sakafu na vyombo huoshwa kwa maji yenye dawa ya klorini, na mkeka alioulalia huchomwa moto. Atakayeletwa baadaye awe amechanjwa kwanza: chanjo huanza afikapo majuma 6 au 8, ikakaririwa kila baada ya majuma 3 au 4 mpaka atimize majuma 16.