Uso Unaowaka: Je, Krimu Ndiyo Ugonjwa?

Katika somo letu la leo tutazame shida ambayo wengi wanaificha chini ya leso na poda: uso kuwaka moto na kuwa mwekundu miezi na miezi. Hapa Makadara, kutoka Kaloleni hadi Jericho, mtu wa namna hiyo huambiwa upesi kwamba ni mlevi. Basi tuelewe kwanza.

Ni ugonjwa gani?
Uko ugonjwa uitwao rosasea. Mishipa midogo ya damu usoni hupanuka, mashavu na pua hupata joto, na vipele kama chunusi hutokea. Hauambukizi, wala hauletwi na uchafu. Hata asiyeonja pombe huupata. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Huwa kama zambarau au kahawia iliyokolea. Kwa hiyo tumwulize mgonjwa anavyosikia, tusitazame rangi tu.

Krimu inaingiaje?
Uso wa namna hiyohiyo huletwa pia na krimu za kung'arisha. Baadhi yake zina steroidi kali kama klobetasoli, ambayo nguvu yake yaweza kufika mara 600 ya haidrokotisoni. Hiyo ni dawa ya hospitali, ya kupakwa kwa muda mfupi, na kwa kawaida si ya usoni.

Wiki za kwanza uso unatakata, chunusi zinaisha, na mtu anafurahi. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba na kuanza kuwaka. Akiacha krimu, uso unafura na kuwaka zaidi. Anasema, "Kumbe ilikuwa inanisaidia," anairudia. Huo ndio mtego! Kuwaka huko ni ngozi inayoachishwa dawa. Kwaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, lakini hupungua.

Krimu nyingine zina zebaki, ambayo hudhuru figo na mtoto aliye tumboni. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka wa 1998, lakini mpaka leo bado vinapatikana.

Tufanye nini?
1. Nenda kliniki na tyubu yako mkononi, daktari asome kilichomo. Usione haya.
2. Kama umepaka mwili mzima kwa muda mrefu, usiache ghafla kabla ya kumwona daktari.
3. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Usisugue. Paka mafuta yasiyo na manukato.
4. Jikinge na jua kwa kofia au mwavuli, na usiinamie jiko. Ukiona pilipili, chai ya moto au pombe inakuwasha, punguza.
5. Usinunue krimu iliyochanganywa kibandani, wala usiazime ya jirani.
6. Ziko dawa za rosasea, kama metronidazoli ya kupaka na doksisaiklini ya kumeza. Mama mjamzito asimeze doksisaiklini.
7. Kama kuna homa, viungo kuuma au macho kuuma, usingoje. Huenda ni ugonjwa mwingine.

Maswali ya kujadiliana
- Ni maneno gani yetu yanayowafanya wasichana waone ngozi yao haitoshi?
- Mwenzetu akiacha krimu na uso ufure, tutamsaidiaje zile wiki ngumu asirudi nyuma?