Fangasi wa Kucha za Miguu: Ni Nani Huwapata, na Dawa Inunuliwe Vipi

Wakati wa masika, mkulima wa mpunga katika Bonde la Kilombero hushinda na miguu majini. Arudipo nyumbani Ifakara, huenda akaona ukucha wa kidole gumba umekuwa wa manjano, mnene na wenye kumegeka. Wengi hukimbilia duka la dawa. Somo hili laeleza kwa nini haraka hiyo huweza kupoteza fedha.

Chanzo. Ugonjwa huu huletwa hasa na fangasi waitwao dermatofiti, ambao hula keratini, yaani protini inayojenga kucha. Hustawi penye joto na unyevu, kama ndani ya mabuti ya mpira, na mara nyingi huanzia katikati ya vidole kabla ya kuingia ukuchani.

Walio hatarini zaidi. Hao ni wazee, wenye kisukari, wenye upungufu wa kinga mwilini, waliojeruhiwa ukucha kwa jembe au jiwe, na wavaao viatu visivyopitisha hewa. Watoto hupatwa kwa nadra. Ugonjwa huu si dalili ya uchafu wala ya kurogwa.

Kabla ya kununua dawa. Takribani nusu tu ya kucha zilizoharibika huwa na fangasi. Nyingine zimeumia au zina maradhi mengine. Kwa hiyo omba kipimo: ukucha hukwanguliwa na unga wake huangaliwa kwa hadubini. Dawa ya kupaka peke yake mara nyingi haipenyi ukucha mnene. Vidonge vya terbinafini hutumiwa kwa wiki 12 hivi, kwa cheti cha daktari. Mwenye maradhi ya ini amweleze daktari mapema.

Subira. Ukucha wa mguu hukua milimita 1 hadi 2 kwa mwezi, hivyo ukucha mpya hukamilika baada ya miezi 12 hadi 18. Muuzaji akuahidiye ukucha mpya kwa wiki moja hasemi kweli.

Wajibu wako. Dai risiti na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Kausha miguu utokapo shambani, anika mabuti, wala usiazimane mkasi wa kucha. Mwenye kisukari asingoje: ufa mdogo kando ya ukucha huweza kuwa kidonda kitakachomgharimu mguu. Na aende kituo cha afya siku auonapo.